Sikio la Kushoto

Asubuhi ya Jumamosi ile Malkia aliamka na mlio kichwani. Haukuwa mlio wa mbu wala wa king'ora cha jirani, ingawa kwa dakika nzima alijidanganya kuwa ni kimojawapo. Aliketi kitandani, akaziba sikio la kulia kwa kidole, akazibua, akaziba tena. Mlio ulikuwa humo humo ndani. Akapiga makofi mara mbili mbele ya uso wake. Aliyasikia, lakini kwa mbali, utadhani anayepiga ni mtu mwingine chumba cha pili.

Sikio la kushoto hakulijaribu. Hilo lilikwisha kufa miaka minne nyuma, na hakuwa na sababu ya kwenda kulijulia hali.

Jina la Malkia hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja wa duka la shangazi yake, lile duka la kona lenye kabati la kioo na harufu ya mafuta ya moto. Walisema binti yule anajisikia, ukimsalimia kwa upande mmoja hakujibu hata ukipasuka koo. Yeye aliliacha jina likae. Afadhali kuitwa mwenye maringo kuliko kuitwa kiziwi, ndivyo alivyofundishwa na shangazi, na mafunzo ya shangazi hayakuwa ya kubishia.

Sasa ilikuwa Jumamosi aliyokuwa akiiogopa mwezi mzima. Saa nane mchana alitakiwa jikoni kwa mama wa mchumba wake, Mpima, akaange vitamu vya kwao mbele ya macho ya mama huyo. Na sikio pekee lililobaki lilikuwa limeamka likilia.

Shangazi alimkuta jikoni akiukanda unga. Alikuja akasimama mbele yake, kama alivyozoea, ili midomo yake ionekane.

"Umeamkaje?"

"Salama, shangazi."

"Salama ya kweli, au ya kunipa mimi ninyamaze?"

Malkia aliendelea kukanda. Akaongeza tone la siki, akaongeza kiini cha yai ambacho tayari alikuwa ameshakiweka. Shangazi akaukamata mkono wake.

"La kulia?" aliuliza.

"Linalia tangu alfajiri. Labda litanyamaza."

Shangazi aliketi kwenye kigoda chake taratibu.

"Usimwambie Mpima," alisema.

"Shangazi, nilikuwa nawaza kwamba labda leo—"

"Usiwaze. Mimi niliwaza, nikasema. Mwanamume niliyempenda nilimwambia kwa mdomo wangu huu kwamba mama yetu alikufa hasikii hata radi, na kwamba waganga wa hospitali wanasema jambo hili limo katika damu yetu. Unajua alifanya nini? Alinishukuru. Alinishukuru kweli kweli kwa kuwa mkweli, na soda akaninunulia. Mwaka wa ishirini na sita huu, sijamwona tena."

"Mpima si kama huyo."

"Hata huyo hakuwa kama huyo, mpaka siku ile." Shangazi aliinuka, akachukua sufuria ya moto na kulifunika donge la unga kwa sufuria hiyo, kichwa chini, ili unga upumzike kwenye joto. "Nenda, kaanga, nyamaza, rudi. Ukiwa kwake na pete kidoleni, utamwambia polepole. Moyo ukishazoea mtu haumtupi."

Malkia alitikisa kichwa kukubali. Hicho ndicho kitu alichojua kukifanya vizuri kuliko chote duniani. Mtu akisema jambo asilisikie, alimtazama usoni, akiona anacheka naye anacheka, akiona anasubiri naye anatikisa kichwa. Mara nyingi ilitosha. Watu wengi huuliza wakiwa tayari na jibu lao.

Kwao, magome hayatazamwi. Yanasikilizwa. Magome ndiyo jina la vitamu vile vya ukoo wao: unga uliosukumwa mpaka uone mistari ya kiganja kupitia kwake, ukazungushiwa kijibomba cha bati, ukatoswa kwenye mafuta ukavimba malengelenge na kukauka ukawa kama gome la mti. Bibi yake alishika neno moja tu: jicho lina pupa. Taa ikiwa hafifu litakudanganya, mafuta yakichakaa litakudanganya. Lakini mafuta yenyewe husema. Ukitosa gome, yanafoka. Baadaye yanaongea. Mwisho yananong'ona, na yakinong'ona tu unaopoa. Kwa hiyo wanawake wa ukoo ule walikaanga wakiwa wameipa karai kisogo, kijiko cha matundu mkononi, uso ukutani, ili jicho lisije kuingilia kazi ya sikio. Bibi aliukosa ule mnong'ono siku moja tu. Siku hiyo hiyo alimkabidhi shangazi kijiko, na hakusogelea karai tena mpaka anazikwa.

Mpima alikuwa akimsubiri kwenye geti la kwao, shati jeupe, viatu vyenye vumbi la kazini ambalo hakuna brashi iliyowahi kuliweza. Kazi yake ilikuwa kupima ardhi kwa ajili ya barabara. Walikutana mwaka juzi, siku aliyoingia dukani na kopo la utando wa maziwa aliopewa na mama yake awe na cha kula kazini, akanunua magome matatu, akachovya moja kwenye kopo pale pale kaunta. Alitafuna. Akasimama. Akachovya la pili akampa Malkia, mtu asiyemjua, bila hata kumwambia karibu. Tangu siku ile watu wa unga na watu wa maziwa walikutana, na moyo wa Malkia haukulala vizuri tena.

"Mama ameamka vizuri," Mpima alimwambia. Alimshika mkono, akamwangalia kwa yale macho yaliyokuwa yakimfanya asahau hata alichokuja nacho. "Amesema, 'Mlete huyo Malkia wako nimwone.' Na hakukunja uso. Kidogo tu, hapa juu."

"Bado anadhani nina dharau?"

"Anasema alikusalimia mara tatu dukani, ukampita kama nguzo."

"Sikumwona."

"Nilimwambia hivyo. Akasema, basi ana macho mabovu, na mimi sitaki mkwe kipofu." Akacheka. Malkia naye akacheka.

Jiko la mama yake Mpima lilikuwa jeupe na safi mpaka ukaona haya kuingia na viatu. Sufuria tatu pana za maziwa zilikuwa kwenye moto wa chini kabisa, usio na haraka, na juu ya kila moja utando mnene ulikuwa umejikunja kama shuka. Mama mtu alikuwa mfupi, mkono mmoja kiunoni. Malkia alikwenda moja kwa moja, akasimama mbele yake, akamsalimia kwa magoti yaliyopinda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe mdomo unao." Alimkagua toka juu hadi chini. "Ninasikia mnataka kuuweka utando wangu ndani ya vitu vya kukaanga."

"Ukituruhusu, mama."

"Kwetu maziwa hayakutani na mafuta ya moto. Mama yangu angeona, angelia. Utando ni wa kula kwa kijiko, umekaa, umetulia." Alipitisha kijiko pembeni mwa sufuria, akauinua utando mzima bila kuuchana, akaukunja kwenye bakuli, akaunyunyizia sukari na ganda la chungwa lililokwanguliwa. Alifanya yote hayo akiwa anazungumza, na macho yake hayakuondoka kwenye maziwa. "Haya. Mizigo umeanza kufunga?"

"Mizigo, mama?"

"Mwanangu anasema ulikubali palepale, swali hukuuliza hata moja. Mimi nilipoambiwa niolewe mtaa wa pili tu, niliuliza maswali wiki nzima."

Malkia hakuelewa anaulizwa nini. Mama mtu alikuwa anasubiri, kwa hiyo akatikisa kichwa.

"Mm," alisema mama mtu, na ile mm ilikuwa na mambo mengi ndani.

Karai ikabandikwa. Malkia alisukuma unga, akakata vipande, akavizungushia vijibomba vyake, akabana ncha kwa ute wa yai. Mikono ilikuwa inajua kazi yake. Mafuta yalipopata moto, akatosa manne ya kwanza, akaigeuzia karai kisogo.

"Wee binti, unafanya nini?" mama mtu aliuliza. Kwa bahati alikuwa upande wa kulia.

"Nakaanga, mama."

"Kwa kisogo?"

"Nayasikiliza. Kwetu ndivyo tunavyofanya."

Mama mtu alimtazama mwanawe aliyekuwa ameegemea mlango. Mpima alitabasamu kwa fahari kama vile ni yeye aliyeivumbua njia ile. Malkia akafumba macho, akasogeza sikio la kulia nyuma kadiri shingo ilivyoruhusu. Kupitia ule mlio wake wa ndani, mafuta yalifoka. Akasubiri. Yakaongea. Akasubiri, akaogopa hata kupumua. Halafu, kwa mbali sana, yakanong'ona. Aligeuka, akaopoa manne, ya dhahabu, yenye malengelenge, hakuna hata moja lililozidi.

"Kumbe," alisema mama mtu. Aliligonga gome moja kwa kucha. "Kumbe."

Angeishia pale, hadithi ingekuwa nyingine. Lakini unga ulibaki, na mama mtu alisema apike wote. Malkia alitosa manne mengine, akageuka ukutani, na mvua ikaanza.

Haikuanza kwa manyunyu. Ilimwagwa juu ya bati la jiko kama kokoto, ikayafunika mafuta, ikaufunika ule mlio, ikafunika kila kitu. Malkia alisimama uso ukutani, hasikii chochote. Mtu mwenye masikio mazima angegeuka akatazama, akacheka, akasema mvua hii jamani, na mambo yangekwisha. Yeye hakuthubutu. Akilini mwake, kugeuka ilikuwa kukiri. Bibi aliukosa mnong'ono siku moja tu, na kijiko kikaenda kwa mwingine. Akabaki vile vile, akaanza kuhesabu kimoyomoyo, akapoteza hesabu, akaanza upya.

Mlangoni, upande wa ule ukuta aliouelekea, Mpima alikuwa amesimama wima sasa. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa anasema kitu, anakisema tena, amenyoosha mkono. Malkia alimtazama mwanamume anayempenda, akaona anamsemesha, akamjibu kama alivyozoea: alitabasamu, akatikisa kichwa.

Aliuona uso wa Mpima ukibadilika. Baada ya hapo ndipo harufu ilipomfikia.

Mkono ulimshika bega la kushoto kwa nguvu. Aliruka. Alipogeuka kwa kishindo kile, kijiko cha matundu kiliyapiga mafuta ndani ya karai, yakarukia mkono wa mama mtu kuanzia kiwiko hadi kifundo.

Mama mtu hakupiga yowe. Alivuta pumzi kwa meno, akaurudisha mkono kifuani. Karai ilikuwa inatoa moshi mweusi, na magome manne yaliyokuwa ndani hayakuwa magome tena. Mpima alizima gesi kwa mkono mmoja, kwa mwingine akamvuta mama yake hadi kwenye bomba. Maji yalitiririka. Malkia alibaki katikati ya jiko, kijiko mkononi.

Mvua ilipungua kidogo, ikabaki kugongagonga.

"Nilikuita mara tatu," mama mtu alisema. Alikuwa amemgeukia, kwa hiyo Malkia alipata kila neno. "Nilisimama hapa nyuma yako, nikakuita kwa jina, nikakuita binti, nikakuita mwanangu. Neno ambalo sikuwa nimepanga kukuita leo. Ukanipa mgongo."

"Mama, ni wasiwasi tu," Mpima aliingilia. "Mvua hii, na wewe umemkalia kooni tangu afike. Mtu akiwa na mawazo hasikii. Sivyo?"

Alimtazama Malkia akimwomba kwa macho akubali. Jibu lilikuwa limeshaandaliwa, limewekwa mbele yake, kilichobaki kilikuwa kutikisa kichwa tu. Angeomba radhi, angempaka mama mtu dawa, angerudi kwa shangazi akiwa bado ni mchumba wa mtu. Aliutazama ule mkono chini ya bomba. Ngozi ilikuwa imeanza kuwa nyekundu. Siku nyingine unaweza kuwa mkono wa mtoto.

"Hapana," alisema. Sauti yake mwenyewe aliisikia kama inatoka kisimani. "Sikuwa na mawazo. Mimi sisikii."

Hakuna aliyejibu, au kama yupo, hakumsikia.

"Sikio la kushoto lilikufa miaka minne iliyopita. La kulia limeanza kwenda mwaka huu, na leo limeamka vibaya. Ile siku dukani, mama, sikukudharau. Ulikuja kushoto. Bibi yangu aliishia hivyo hivyo. Baba yangu pia lilikuwa limeanza, kabla hajafariki. Daktari anasema jambo hili limo katika ukoo, na kwamba mtoto nikimzaa, huenda akalipata, huenda asilipate. Haiwezi kujulikana mpaka akue." Alisema yote kwa mkupuo, maana aliogopa akisimama hataweza kuendelea. "Nilitakiwa niseme mapema. Niliogopa."

Mpima alikuwa amemwachia mama yake. Alimtazama Malkia kama mtu anayetazama ramani aliyoichora mwenyewe na haioni njia.

"Miaka miwili," alisema.

"Ndiyo."

"Ndiyo maana hupokei simu. Ndiyo maana siku zote lazima utembee upande uleule. Mimi nikajiambia ni mapenzi." Alisita. "Kuna mangapi niliyokuambia hukuyasikia?"

Angeweza kusema machache.

"Mengi," alijibu.

Mpima alitoka. Hakubamiza mlango, na hilo lilimuumiza Malkia zaidi, maana anayebamiza mlango bado ana jambo la kusema. Kupitia dirisha alimwona amesimama barazani, mgongo kwake, mikono kichwani. Shangazi aliona yote haya kabla, alifikiri. Imekosekana soda tu.

Alianza kukusanya vijibomba vyake.

"Unakwenda wapi?" Mama mtu alikuwa ameufunga mkono kwa kitambaa kibichi. Alikuja, akamzunguka, akasimama upande wa kulia, karibu kabisa. "Hivi nasikika?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nisikilize, nisirudie. Ile hasira niliyokuwa nayo juu yako imekwisha. Nilidhani una dharau, kumbe huna. Hilo nimelitoa. Lakini mahali pake pameingia kitu kingine, na sitakuficha. Naogopa. Nina mtoto mmoja. Nilitaka wajukuu ambao nikiwaita toka uani wanakuja mbio."

"Hata mimi nilitaka hao hao, mama."

Mama mtu akaiepua ile karai ya moshi.

"Unga umebaki vipande vingapi?"

"Sita. Lakini mama, mimi siwezi tena. Sisikii mafuta."

"Nani kakuuliza habari ya kusikia? Mafuta machafu mwaga. Safi yako kabatini." Aliwasha gesi, akasubiri mpaka mafuta mapya yakapata moto, akamshika mabega, akamgeuza aitazame karai. "Mimi miaka arobaini natazama maziwa. Maziwa hayasemi kitu. Yakifura yamefura, umechelewa. Kwa hiyo nimejifunza kutazama. Tosa."

Malkia alitosa. Alihisi kama anafanya jambo la aibu, kuyatazama magome yakiiva, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliyaona. Mapovu makubwa yalichemka kila upande, yakigombana.

"Hayo ni maji ya unga yanatoka," alisema mama mtu. "Usiguse. Ngoja. Ngoja. Unaona yanavyopungua? Sasa ni madogo. Sasa ni kama uzi pembeni, yanaikumbatia ncha tu. Sasa."

Aliopoa. Yalikuwa ya dhahabu. Malkia alishika ukingo wa meza, machozi yakimtoka bila kuyafuta, na mama mtu hakumbembeleza wala hakumkataza. Aliyavuta magome kutoka kwenye vijibomba, akachota utando kwa kijiko kidogo, akaujaza gome moja toka pande zote mbili, akalikata katikati kwa vidole. Nusu akampa. Wakatafuna wamesimama. Gome lilivunjika mdomoni mwa Malkia, na huo mvunjiko aliusikia wote, mkali na wa karibu, ndani ya taya, kisha utando wa baridi ukafuata.

"Mama yangu angelia," alisema mama mtu huku akilamba kidole. "Halafu angeomba lingine." Akaongeza, uso ukiwa umerudi pale pale, "Lakini usidhani nimesema ndiyo. Mimi sijasema kitu."

Mpima aliingia shati likiwa limelowa. Alimpita mama yake, akaja kusimama mbele ya Malkia, mahali ambapo mwanga wa dirisha ulimwangukia usoni. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Siku ile kazini kwetu," alisema. Alisema polepole mno, kama mtu anayepita juu ya ubao mwembamba. "Ulipoleta chakula. Tulisimama karibu na ile mashine ya kusaga kokoto. Nilikuambia jambo, nikakuuliza. Ulisikia?"

Hofu ilimrudia Malkia upya, na hii ilikuwa kubwa kuliko ya asubuhi. "Niliona umefurahi," alisema. "Nilidhani unaniambia unanipenda."

"Nilikuambia nimehamishwa. Kuna barabara mpya inafunguliwa, siku mbili kwa gari kutoka hapa. Ni kazi ya miaka mitatu. Nilikuuliza kama utakubali tuoane haraka, twende pamoja mwezi ujao. Ukacheka, ukatikisa kichwa. Kesho yake asubuhi nikaenda kutia saini."

Mizigo. Malkia alimtazama mama mtu, mama mtu akaangalia maziwa yake.

"Sikujua," alisema.

"Najua hukujua. Nimesimama hapo nje nakumbuka jinsi nilivyofurahi, na hukuwemo kwenye ile furaha. Nilikuwa peke yangu." "Sina hasira ya masikio. Masikio tutayatafutia njia. Ila sijui ni lini uliwahi kunikubali kweli. Sijui kama uliwahi."

Kisha akamuuliza upya, neno kwa neno, bila mashine, bila mvua. Kama atakwenda naye mwezi ujao.

Malkia alisikia lote. Ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa jambo kubwa na kulisikia mpaka mwisho, na kumbe kusikia kulikuwa na woga wake. Hapakuwa na pa kujificha. Alimfikiria shangazi kwenye kigoda, peke yake na kabati la kioo. Alifikiria sikio hili moja, na mji asioujua, na watu wasiomjua wakimwita kwa upande wa kushoto. Akamfikiria na huyu aliye mbele yake, aliyelowa.

"Hapana," alisema.

Uso wa Mpima ulipauka.

"Mwezi ujao, hapana. Nataka daktari alione sikio hili kwanza, kabla halijamalizika. Na nataka shangazi aisikie habari ya kuondoka kwangu kutoka kwangu, na azoee. Itachukua miezi sita, labda mwaka. Nenda wewe. Nitakufuata, na sasa nakwambia nikiwa nimesikia swali. Nakupenda, nilikupenda tangu lile kopo. Lakini itabidi unisubiri, na huenda nikakufikia sisikii kabisa. Unaweza?"

Mpima akatikisa kichwa, ndiyo, mara moja, mara ya pili.

Malkia alimshika kidevu, akakizuia.

"Usitikise kichwa," alisema. "Sema, nisikie."

Mpima akasema. Akasema tena, taratibu zaidi, akiwa ameinama karibu na sikio lake la kulia. Malkia alikuwa amemsikia mara ya kwanza, lakini hakumzuia aliporudia.